Kisima cha maji ya chumvi: karanga, ufuta au alizeti?

SWALI: Namwagilia shamba langu kwa maji ya kisima yenye ladha ya chumvi. Msimu uliopita karanga zilidumaa na majani yake ya chini yakakauka kuanzia pembeni, ilhali alizeti iliyokuwa kando yake ilistahimili. Je, tatizo ni maji au mbolea? Nikipanda ufuta badala ya karanga nitanusurika? Jirani yangu amenishauri nitie jasi.

JIBU: Dalili ulizozieleza zinaelekea kwenye maji, ingawa upungufu wa potasiamu nao hukausha kingo za majani ya zamani, na kwa hiyo maji na udongo vipimwe kabla hujanunua mbegu.

Chumvi humdhuru mkulima kabla hajaiona. Kwanza huyashikilia maji, hata udongo ukawa na unyevu mkononi lakini mizizi ikashindwa kuufyonza. Mmea hudumaa bila kunyauka, na wengi hudhani una njaa ya mbolea, wakaiongeza, na mbolea nayo ni chumvi. Baadaye sodiamu na kloridi hurundikana katika majani yaliyotangulia kuota, ndipo pembe zake zinapoungua. Wakati wa mavuno mbegu huwa chache na nyepesi, na mara nyingi hata kiasi cha mafuta ndani yake hupungua.

Chumvi ya maji hupimwa kwa desisimensi kwa mita, yaani kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda. Maji yenye kipimo cha 2 yana takribani gramu 1.3 za chumvi katika kila lita. Ukimwagilia milimita 500 za maji hayo kwa msimu, kila hekta hupokea zaidi ya tani 6 za chumvi, na kwa kuwa mmea hunywa maji na kuiacha sehemu kubwa ya chumvi, mzigo huo hubaki shambani usipooshwa na mvua au maji ya ziada.

Mazao ya mafuta hayastahimili kwa kiwango kimoja. Kwa kipimo hicho hicho, ila cha maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tope la udongo ulioshiba maji na si cha maji ya kisima, mavuno ya karanga huanza kupungua chumvi ikipita takribani 3.2, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka hupunguza mavuno kwa karibu asilimia 29. Alizeti huanza kuathirika karibu na 4.8, tena hupoteza takribani asilimia 5 tu kwa kila kipimo, na hiyo ndiyo tofauti uliyoiona kwa macho yako. Soya huanzia karibu na 5, lakini ikishapita hapo huporomoka kwa kasi. Pamba na kanola (zao la mbegu za mafuta la jamii ya kabichi) huvumilia zaidi ya zote hizo. Ufuta nisingekushauri, kwa sababu nao huathirika mapema, hasa mbegu zinapoota.

Ukibaki na alizeti, panda kwenye ubavu wa tuta na si kileleni, kwa maana maji ya mfereji hupanda na chumvi na kuiacha juu yanapokauka. Mwagilia vizuri wakati wa kuota, kisha tia maji yanayozidi kidogo mahitaji ya mmea, kwa takribani sehemu moja kwa saba, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Ziada hiyo ipate pa kutokea, kwani pasipo mtaro wa kutolea maji, chumvi hurudi juu pamoja na maji ya chini ya ardhi.

Kuhusu jasi, jirani yako yuko sahihi endapo udongo wako ni wa magadi, yaani sodiamu imezidi, uso wa shamba hufanya gamba na maji hutuama bila kuzama. Jasi huleta kalisi inayochukua nafasi ya sodiamu, lakini ni lazima ifuatiwe na maji ya kuiosha sodiamu hiyo. Ikiwa udongo una chumvi ya kawaida na maji yanazama vizuri, fedha ya jasi itumie kwenye mtaro.