Usiitoe kwenye domeni kabla hujashika tarakimu 48 mkononi

Mkuu, simama hapo hapo ulipo. Umesema ofisi yenu imefunga tawi, wakakuachia kompyuta uliyokuwa ukiitumia iwe yako, na sasa uko nayo nyumbani: kurasa nyingi hazifunguki, kivinjari kinahangaika kutafuta proksi ya ofisi (kompyuta ya kati iliyopitisha intaneti) ambayo haipo tena, flashi inakataa kuandikwa, na kila ukifungua mipangilio unaambiwa baadhi ya mambo yanasimamiwa na shirika lako. Ukauliza pia habari ya VPN inayojiwasha yenyewe na ya printa. Mchangiaji wa kwanza kakujibu kwa mistari miwili: itoe mashine kwenye domeni (mtandao wa ofisi unaosimamia kompyuta zake), ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) ufute TPM (chipu ya usalama), umemaliza. Nawe ukamshukuru, ukasema utaifanya kazi hiyo usiku huu.

Usifanye. Nakuomba sana. Mimi nilifanya hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, nikapoteza hesabu za wateja 11, kwa kuwa sikuwa na zile tarakimu 48, ufunguo wa kufungulia diski.

Nilikuwa mhasibu kwenye ofisi ndogo iliyovunjwa. Mashine niliachiwa kwa barua, kihalali kabisa, na wateja 11 walikuwa wamekubali niendelee kuwafanyia kazi mwenyewe. Vitabu vyao vyote vilikuwa humo. Nilijua lazima niyahamishe yale mafaili, ila sera ya ofisi ilikuwa imezuia flashi: unachomeka, unasoma, kuandika hakuna. Ndipo nikajiambia neno ambalo mpaka leo linanichoma: nitanakili nikishaondoa vizuizi.

Litazame vizuri neno hilo, kwa sababu nahisi nawe umeshalisema moyoni. Kizuizi kilinizuia kunakili, nami nikaahirisha kunakili mpaka kizuizi kiondoke, wakati kazi yenyewe ya kukiondoa ndiyo iliyokuwa ya hatari. Flashi haikuwa njia pekee. Ningeweza kujitumia mafaili kwa barua pepe, au kuyapitisha kwenda kompyuta nyingine kwa mtandao wa nyumbani. Jioni moja ingetosha.

Nikampigia fundi wa TEHAMA wa ile ofisi. Alikuwa na haraka. Akanijibu: "Itoe tu kwenye domeni, vizuizi vyote vitaondoka vyenyewe. Nywila ya msimamizi wa mashine ni hii hapa." Akanisomea, nikaandika. Yote mawili aliyoniambia hayakuwa kweli, na bado nina hasira naye, kwa sababu ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuyajua.

La kwanza. Sera za domeni huandikwa ndani ya rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake. Ukitoka kwenye domeni, hakuna anayepita nyuma yako kuzifuta. Seva iliyoziweka ndiyo ingeziondoa, na wewe umeshakata mawasiliano nayo. Kwa hiyo unatoka, unawasha upya, na mengi ya yale yale unayakuta yamekaa palepale. La pili ndilo lililoniua. Ofisi ile ilikuwa inatumia LAPS, mfumo wa Microsoft unaobadilisha nywila ya msimamizi wa ndani wa kila mashine kila baada ya muda, kwa kawaida siku 30, na kuitunza nywila mpya kwenye seva. Nywila niliyosomewa ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la fundi tangu zamani. Ilikuwa imekufa muda mrefu.

Sikuijaribu. Niliiandika kwenye karatasi, nikaiweka kando ya kibodi, nikaiamini.

Windows yenyewe ilinionya. Ukitaka kutoka kwenye domeni inakuambia waziwazi kwamba baada ya hapo utahitaji nywila ya akaunti ya msimamizi ya ndani ili uingie. Nikabonyeza sawa. Mashine ikajiwasha upya. Jina langu la ofisi halitambuliki tena. Nikaandika jina la msimamizi na ile nywila, ikakataa. Nikairudia kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kwa sifuri badala ya O. Ikakataa. Niko nje ya mashine yangu mwenyewe.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ningeweza bado kuokoka. Ilikuwa Ijumaa usiku. Seva ya ofisi ilikuwa bado hai. Nywila mpya ilikuwa humo, na ufunguo wa diski ulikuwa humo pia. Ningempigia yule fundi Jumamosi asubuhi nikamwambia "nipe vyote viwili", ningekuwa ndani kabla ya mchana. Badala yake niliona aibu. Nikafungua video.

Jamaa wa kwenye video alikuwa na sauti ya mtu anayejua. Zima Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), ingia BIOS, futa TPM, washa kwa flashi, badilisha nywila, karibu ndani. Dakika nane. Hakutaja neno BitLocker hata mara moja. Watu wengi huko chini wamemshukuru, na naamini mashine zao hazikuwa zimefungwa diski. Yangu ilikuwa imefungwa, kama zilivyo kompyuta nyingi za ofisi. BIOS iliniuliza mara mbili kama nina uhakika wa kufuta TPM. Nikasema ndiyo mara mbili.

Ikaja skrini ya buluu inayoomba ufunguo wa urejeshaji.

Kwa ambao hawajakutana nayo: BitLocker huifunga diski nzima kwa usimbaji fiche, na siri ya kuifungua hulindwa na TPM, ile chipu ndogo iliyo ndani ya mashine. Kila unapowasha, chipu inakagua kama mazingira ya kuwashia ni yale yale. Ikiridhika inatoa siri bila wewe kujua lolote. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia diski iliyofungwa miaka mitano asijue kama imefungwa. Ukizima Secure Boot, chipu inaweza kukataa kuitoa. Ukiifuta chipu, kilichokuwa ndani hakipo tena. Inabaki njia moja: tarakimu 48, mafungu 8 ya tarakimu sita sita. Kila fungu lazima ligawanyike kwa 11, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja ya fungu mashine inagundua hapo hapo. Usipoteze muda kubahatisha. Mimi nilibahatisha usiku kucha.

Jumatatu nikampigia fundi. Akaniambia seva wameifuta asubuhi ile, samani zinatoka mchana. Ufunguo wa mashine ya domeni, ofisi ikiwa imepanga hivyo, hutunzwa chini ya rekodi ya mashine hiyo kwenye Active Directory, orodha ya mashine na watumiaji iliyo kwenye seva ya domeni. Rekodi ikifutwa, ufunguo unakwenda nayo. Nakala ya seva hawakuwa nayo, au hakutaka kuitafuta. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia habari ya ufunguo tangu mwanzo. Akasema: "Hukuuliza." Mtu anayeondoa mashine 30 kwenye domeni anajibu hivyo! Asiyejua kwamba kuna ufunguo angeuulizia vipi?

Nikaitoa diski, nikaipeleka kwa mtu anayeokoa data. Akaichomeka kwenye mashine yake, na mashine yake ikaomba tarakimu zile zile 48. Huyo angalau alikuwa mkweli. Hakuchukua kazi.

Mwishowe nikaiweka Windows upya juu ya diski ile, na vizuizi vyote vilivyonisumbua wiki mbili vikapotea kwa chini ya saa moja. Pamoja na hesabu. Miezi iliyofuata nilizunguka kwa wateja kuomba risiti na taarifa za benki nijenge vitabu kwa mara ya pili. Wawili waliondoka, na sikuwalaumu. Mnaotaka kucheka chekeni, ila nakilini kwanza tarakimu zenu.

Kinachoniuma kuliko vyote ni hiki: siku zile za mwisho akaunti yangu ya ofisi ilikuwa imepewa mamlaka ya usimamizi kwenye mashine. Ile Ijumaa saa mbili usiku, kabla sijagusa kitu, nilikuwa na uwezo wa kuutazama ufunguo kwa amri moja na kujitengenezea akaunti ya ndani kwa dakika tatu. Nilikuwa nimekaa juu ya mlango huku natafuta dirisha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia hadi unichoke: hugusi domeni, hugusi BIOS, hugusi rejista, kabla tarakimu 48 haziko kwenye karatasi mkononi mwako. Kwenye karatasi, mkuu. Kuna watu huzihifadhi kwenye diski ile ile iliyofungwa.

Ukishazipata, tengeneza akaunti ya ndani yenye mamlaka ya msimamizi, kisha uijaribu. Kuitengeneza peke yake hakutoshi. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, washa upya, uingie kwa kuandika nukta, mkwaju wa nyuma, halafu jina la akaunti. Ikikuingiza, jaribu kufungua kitu kinachohitaji msimamizi. Ikikubali, sasa una mlango wako. Halafu hamisha mafaili yote, kwa njia yoyote inayopitika, na uyafungue machache kwenye mashine nyingine uone kama yanafunguka kweli.

Ukifika hapo, mengine yote ni kazi ya mchana mmoja, na ushauri wangu ni usihangaike kung'oa kizuizi kimoja kimoja. Weka Windows upya, safi. Sababu ni kwamba mabaki yako sehemu nyingi kuliko unavyodhani. Proksi peke yake ina makao mawili: ile unayoiona kwenye mipangilio, na ile ya mfumo ambayo huioni mpaka uandike netsh winhttp show proxy kwenye dirisha la amri. Kuna faili la hosts, linaloelekeza majina ya tovuti kwenye anwani. Kuna kanuni za ukuta wa kinga (firewall) zilizoletwa na sera. Kuna sera za kivinjari, ambazo unaweza kuzitazama kwa kuandika chrome://policy au edge://policy kwenye mstari wa anwani.

Na kuna vyeti. Hili watu hulipita, na mimi naliogopa kuliko proksi. Ofisi nyingi huweka cheti chao cha mizizi, ambacho Windows hukiamini kuthibitisha tovuti, kwenye mashine ili waweze kukagua hata mawasiliano yaliyosimbwa. Ofisi imekufa, cheti kimebaki, na mashine yako bado inamwamini yeyote aliyebaki na ufunguo wa siri wa cheti kile. Hujui ule ufunguo uko kwa nani leo. Ukiamua kutoweka Windows upya, angalau fungua certlm.msc ukiondoe, ila usifute vyeti usivyovijua kwa hasira. Tafuta chenye jina la ofisi yenu.

Jambo jingine ambalo ofisi pekee ndiyo inaweza kulifanya: kama mashine imesajiliwa kwenye Autopilot, huduma ya Microsoft inayoifunga mashine na ofisi yake, hata ukiweka Windows upya mara kumi, ikiunganishwa na intaneti itakuletea ukurasa wa kuingia wa ofisi. Usajili hauko kwenye diski, uko upande wao, kwa utambulisho wa mashine yenyewe. Kwa hiyo waandikie leo, wakiwa bado wana mtu wa kujibu, uombe vitu vitatu kwa maandishi: barua kwamba mashine ni yako, kuondolewa kwenye usajili wao, na ufunguo wa BitLocker. Programu ya kinga (antivirus) nayo mara nyingi ina nywila ya kuiondoa, iombe kwenye barua hiyo hiyo. Usiombe kwa simu. Kwa simu nilisomewa nywila mfu.

Angalia pia Windows yenyewe imeamilishwa (activation) vipi. Kama ni kwa seva ya ofisi, uamilishaji ule hudumu siku 180 tangu mashine ilipoonana na seva mara ya mwisho, halafu inaanza kukudai.

Na wewe mchangiaji wa kwanza: sigombani nawe, lakini "futa TPM" si kitu cha kumwambia mtu usiyejua diski yake ikoje. Ulimuuliza kama imefungwa? Ulimuuliza kama anayo nywila ya ndani? Rudi ulihariri jibu lako kabla mwingine hajalifuata.

Mkuu, kabla ya usiku huu fanya moja tu. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

manage-bde -protectors -get C:

Likikataa kwa sababu huna mamlaka, basi huna mlango, na usithubutu kutoka kwenye domeni. Waandikie ofisini kwanza. Likikuletea mafungu 8 ya tarakimu, yaandike, mwambie mtu mwingine akusomee uyahakiki, kisha rudi hapa utuambie yametoka. Nitakuwa macho mpaka saa sita.