Retinoli imenibabua: niitupe au nianze upya?

SWALI: Nilinunua Kariakoo krimu ya retinoli ya asilimia 1 ili iniondolee madoa ya chunusi. Nimeipaka kila usiku kwa siku 9, tena sikuibania. Sasa uso unawaka moto, pembeni mwa pua panatoka magamba, na mashavu yamekuwa meusi kuliko mwanzo. Nimeuziwa feki?
Msomaji, Tabata

JIBU: Huenda ni feki, lakini retinoli, yaani aina ya vitamini A ya kupaka, hata iliyo halali ingekubabua hivyohivyo. Asilimia 1 ni ya mtu ambaye ngozi yake imeshazoea kwa miezi. Anayeanza anatosheka na 0.1 hadi 0.3. Umoja wa Ulaya wenyewe, katika kanuni ya mwaka 2024, umeweka ukomo wa 0.3 kwa vipodozi vya uso.

Huo weusi unatokana na ngozi kuungua. Ngozi yenye melanini (rangi asili ya ngozi) nyingi kama zetu ikikereka huacha doa, na doa hilo hukaa miezi. Kwa hiyo anayekwambia “ikiwasha ujue inafanya kazi” anakuongezea kile unachotaka kukiondoa.

Acha kabisa mpaka uso utulie, mara nyingi wiki moja hadi mbili. Osha kwa sabuni laini ya maji isiyo na manukato, kisha paka Vaseline au krimu nzito isiyo na harufu. Magamba usiyabandue, ndimu isiguse uso, skrabu iweke kando. Ukiona malengelenge, uvimbe au majimaji, nenda kwa daktari wa ngozi.

Uso ukipona, anza upya na 0.1 au 0.3. Kwanza ijaribu chini ya taya kwa usiku 3. Ikiwa shwari, ipake uso mzima usiku 2 tu kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Osha uso, futa, subiri dakika 20 hivi ukauke vizuri, maana ngozi mbichi hunyonya zaidi na kuwashwa zaidi. Tanguliza krimu ya kulainisha. Kisha chukua retinoli kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, igawe kwenye paji, mashavu na kidevu, isambaze, halafu rudia krimu juu yake. Kope, pembe za mdomo na mikunjo ya pua ziruke, ndiko inakojikusanya na kuchuna. Zikipita wiki 2 bila kuwaka, ongeza usiku mmoja. Wengine huishia usiku 3 kwa wiki, na hiyo si kasoro.

Usiku wa retinoli usiongeze asidi za kuchubua ngozi, iwe ya glikoliki au ya salisiliki. Chunusi chache za ziada katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo ni kawaida, ila zitoke pale zinapotokaga. Zikihamia mahali papya na kuwasha, krimu hiyo haikufai. Madoa yahesabie wiki 12 na zaidi. Ikikutoa weupe kwa siku 3, hiyo si retinoli, ni mkorogo: shuku hidrokwinoni, zebaki au steroidi.

Asubuhi ni krimu ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Ukikaa dirishani kwenye daladala usidhani umepona: kioo hupitisha sehemu kubwa ya miale ya jua iitwayo UVA, ambayo ndiyo inayokoleza madoa. Zenye zinki huacha uso kama umepakwa unga. Tafuta ya jeli.

Kuhusu chombo: retinoli huharibiwa na mwanga, hewa na joto. Kopo la kioo kinachoonyesha ndani, lililoanikwa juani mbele ya duka, liache hapohapo. Chukua tyubu isiyopitisha mwanga au chupa ya pampu, na nyumbani iweke kabatini, si dirishani.

SWALI: Harusi yangu ni wiki 3 zijazo. Nianze retinoli leo ili ning’are? Na singo je?
Bi harusi mtarajiwa, Magomeni

JIBU: Usianze. Wiki 3 zinatosha kukutoa magamba, hazitoshi kukupa faida, na poda ya bi harusi juu ya magamba huonekana hata kwenye picha ya mbali. Anza baada ya fungate. Singo ya mwili endelea nayo, ila usoni isisuguliwe kwa nguvu. Kama tayari unatumia retinoli, iache siku 7 kabla ya kutoa nywele za uso kwa nta. Ukiendelea, nta itaondoka na ngozi.

SWALI: Nimegundua nina mimba ya wiki 6 na nimekuwa nikipaka retinoli. Nimemdhuru mtoto?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Iache leo, lakini usikose usingizi. Inayopenya mwilini kupitia ngozi ni kidogo sana. Tunaikataza kwa tahadhari, kwa sababu dawa za jamii hiyo zinazomezwa, kama isotretinoini, zinajulikana kuharibu mimba. Mweleze nesi siku ya kliniki. Kwa chunusi za ujauzito, muulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki.