Mama mkwe kaitia tangawizi kahawa yangu ya 28,000

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Kinyerezi na mume wangu. Starehe yangu ni moja tu, kahawa. Nanunua punje za Kilimanjaro, gramu 250 kwa shilingi 28,000, nasaga kwa mkono na kunywa Jumapili tu ili zisiishe. Mama mkwe alikuja kutoka Kilema. Nikiwa kazini alisaga pakiti nzima, akaichemsha kwenye sufuria na tangawizi, akaita majirani. Nilimwelekeza kwa upole, nikahamishia pakiti nyingine iliyobaki chumbani. Kesho yake akaondoka ghafla. Leo siku ya 4 mume haongei nami. Kosa langu nini? – Mpenda Kahawa*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa pakiti. Kahawa iliyokaangwa kidogo, yenye harufu ya maua, kuitia tangawizi ni kuizika. Hapo haki ni yako, na inaishia hapo.

Mzee haondoki ghafla. Basi la Moshi hukatiwa tiketi, mizigo hufungwa usiku, mwanawe huamka alfajiri kumpeleka stendi. Nyumba nzima ilijua ila wewe. Huo upole wako ningependa kuusikia kwa masikio yangu. Na mbona hujasema alikuja na nini? Mama wa Kilema hapandi basi mikono mitupu. Ndizi mlizila, ila kwenye barua hazikuingia.

Halafu umeandika Kilimanjaro, mstari wa pili ukaandika Kilema, na hukushtuka! Kilema, hukohuko mlimani Kilimanjaro, ndiko mapadre walikopanda mibuni zama za Mjerumani. Pakiti yako moja imekula karibu kilo 2 za matunda mabivu, maana kilo 6 au 7 hutoa kilo 1 tu ya buni kavu, na moto nao hupunguza. Mtu kayachuma mojamoja kihambani, shamba la nyumbani, mekundu tu. Jioni ileile kayamenya kwa mashine ya mkono, kayaloweka yachachuke, kaosha, kaanika kwenye kichanja siku 10 hadi 14, akikimbia kufunika kila wingu likikusanyika. Punje nzuri zikapelekwa chama cha ushirika zikauzwa, zenye kasoro zikabaki jikoni kwake. Leo kanusa nzuri kwa mwanawe, kaita watu waonje. Wewe ukaifungia chumbani.

Na hiyo ya Jumapili tu imenichekesha. Ukitia gramu 15 kwa kikombe, pakiti inatoa vikombe 16. Jumapili 16 ni karibu miezi 4! Kahawa iliyokaangwa si kitenge cha kuwekwa sandukuni. Ndani ya wiki chache harufu inaanza kuaga. Kikombe chako cha mwisho huwa kumbukumbu tu. Mama mkwe kainywa ingali hai, hata kama kwa sufuria.

Ndoa za siku hizi zimejaa visivyoguswa. Glasi za wageni, taulo za wageni, simu ya namba ya siri, sasa na kahawa. Sisi tuliijua kahawa ya dele juu ya mkaa, kashata pembeni, na mtu akikaa kibarazani na jirani aliyegombana naye asubuhi. Leo inapigwa picha kwanza, kisha inanywewa peke yako mlango umefungwa. Mwanamume kaoa mke, anajikuta anaishi na mtunza stoo.

Mumeo hajanunia kahawa. Anangoja neno ambalo akikuamuru ulitamke halitakuwa na thamani.

Piga simu leo, wewe mwenyewe, usimtume yeye. Bei usiitaje. Mwezi wa 9 kahawa zikiwa zinaiva panda Kilema, chuma naye kapu moja, na kinu chako ukibebe. Mchujie kikombe kimoja, maji yaliyotulia kidogo baada ya kuchemka, bila kuongeza kitu. Akikunja uso, tangawizi iwe mkobani mwako tayari.