Kusikiliza Kunasomewa Nini?

Tukuyu

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jikoni, mvua ikipiga bati mpaka redio haisikiki. Unauliza unasihi, kazi ya kusikiliza watu, inasomewa nini hadi shahada ya uzamili, wakati bibi yako alisikiliza kijiji kizima bila kukanyaga chuo.

Bibi alikuwa na kipaji, na mimi nilidhani nimekirithi. Mwaka wangu wa tatu wa uuguzi, mama mmoja alifiwa na mtoto usiku. Asubuhi nilimkuta kitandani anakunja kanga ya mtoto, anaikunjua, anaikunja tena. Nikamshika bega: "Jipe moyo, Mungu atakupa mwingine." Akaacha kukunja. Hakunitazama tena mpaka ndugu zake walipokuja kumchukua. Maneno yale hayakuwa kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia kimya chake.

Kwangu lengo kubwa la masomo hayo ni hilo: ujue lini unamsaidia mtu na lini unajituliza mwenyewe. Ile programu ya Marekani uliyonitumia, yenye ithibati ya CACREP, baraza la kule linalokagua ubora wa programu za unasihi, orodha ya masomo niliipita haraka (maadili, makuzi, tamaduni, vipimo, utafiti, yote ya lazima) nikatulia kwenye saa. Saa 100 za mazoezi ya awali, angalau 40 ukiwa na wateja. Halafu 600 za mafunzo kazini, angalau 240 na wateja. Na kila wiki unakaa na msimamizi, unamweleza ulichosema na kwa nini ulikisema. Asubuhi ile mimi sikuwa na wa kumweleza. Nilienda kugawa dawa.

Utafundishwa pia kumwambia mteja mapema kwamba siri yake utaitunza, isipokuwa maisha yake au ya mwenzake yakiwa hatarini. Watu wetu wataona ni ukavu. Liseme hivyo hivyo. Na sonona ya mteja ikizidi uwezo wako, mpeleke kwa daktari.

Ninachohofia ni urudi na lugha ya kule. Huku mtu hasemi ana huzuni. Anasema moyo unamwenda mbio, usingizi hauji. Atakuletea ndizi, azungumzie bei ya chai, na akishasimama kuaga, mkono uko mlangoni, ndipo atakuambia kilichomleta. Waulize walimu wako mnasihi afanye nini hapo wakati muda wa mteja umekwisha, kisha uniandikie walivyojibu.

Ya ada tutazungumza baba yako akirudi kutoka shambani.

Mama yako