Barua kwa mwanangu: tano zako na kumi zangu

Mwanangu,

Barua yako imefika, na mama yako ameisoma kwa sauti mara mbili kwa kuwa miwani yangu bado iko kwa fundi. Umeniuliza kama, katika kujifunza «Take Five», wimbo wa jazi wa vipigo vitano, kwa gitaa, uhesabu moja hadi tano katika kila mzunguko au ugawe tatu kisha mbili, maana ukifika kipigo cha nne mkono wako wa kulia hukimbilia mwanzo kana kwamba cha tano hakipo.

Mkono haukimbii kwa kukosa hesabu. Unakimbia kwa sababu umelelewa na nyimbo za vipigo vinne, nao unarudi nyumbani unakokujua. Nimekwambia tangu ulipokuwa ukipiga masufuria ya bibi yako, na sasa narudia: mizani hukaa mwilini kwanza, kichwani baadaye. Katika wimbo huo, ambao Paul Desmond aliutunga na kundi la Dave Brubeck likaurekodi mwaka 1959, mgawanyo umo ndani ya kodi zenyewe, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kwa kuwa ya kwanza hushika vipigo vitatu na ya pili hushika viwili. Kodi inapogeuka, hapo ndipo ilipo nne yako.

Uliponitajia tano, mimi nilikumbuka kumi. Unajua kwamba nilipiga gitaa katika kikundi cha taarab cha Unguja kabla hujazaliwa, ila sijawahi kukueleza kwa nini Jumamosi ile ya harusi ya shangazi yako sikupanda jukwaani. Tulikuwa tukijifunza samai, muziki wa ala usioimbwa, ambao mizani yake ni 10/8, yaani vipigo kumi katika mzunguko, na hugawanyika tatu, mbili, mbili, tatu: dum, pigo zito la ngoma, katika kipigo cha kwanza, tak, pigo jembamba, katika cha nne, dum mbili katika cha sita na cha saba, tak tena katika cha nane, kisha kimya mpaka mzunguko uanze upya. Mimi nilihesabu moja hadi kumi kwa midomo, na kila namba niliipa uzito uleule. Khana, yaani sehemu za wimbo, tatu za mwanzo nilipita salama. Khana ya nne huiacha ile kumi na kuingia katika mizani nyepesi ya tatu, na mimi nikaendelea na kumi zangu peke yangu, hadi fidla zikanyamaza, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikanyamaza, na nikabaki nikisikika mimi tu.

Maalim aliyekuwa akipiga ngoma ya dumbaki hakunikaripia. Aliushika mkono wangu, akauweka juu ya ngozi ya ngoma yake, akasema mbele ya wote, mama yako akiwa miongoni mwao: «Usinihesabie. Nijibu.» Jumamosi ilipofika nilibeba kanuni hadi mlangoni, nikasimama nje na watoto.

Alikuwa na haki? Kuhusu mizani, ndiyo, na usiku ule nilitembea kutoka Darajani hadi nyumbani nikipiga dum na tak juu ya paja langu mpaka kumi ikaacha kuwa namba. Kuhusu kunifundisha mbele ya watu, hapana. Angeweza kuniita pembeni, na miaka yote hii bado uso hunipata moto nikikumbuka.

Hata hivyo sitaki nikudanganye kwamba kuhesabu ni kosa, kwa sababu nisingekuwa nimehesabu nisingejua ni wapi hasa nilipopotea. Tena namba zetu zina jambo zuri: kuanzia moja hadi kumi kila moja ina silabi mbili, na mkazo huangukia ya kwanza, kwa hiyo kwa mwendo wa taratibu hukaa sawasawa mdomoni. Mwendo ukipanda, ulimi huelemewa. Nilijaribu kuweka maneno mahali pa namba, nikasema «kitabu» kwa tatu na «maji» kwa mbili, lakini «kitabu» hulemea silabi ya kati, na gitaa nalo likaanza kulemea kipigo cha pili. Nikarudi kwenye dum na tak. Mizani hukaa mwilini kwanza, nimekwambia.

Unataka nikwambie ugawe au uhesabu, na ulimi unaniwasha kweli kusema ugawe. Nimeandika neno hilo mara moja na kulifuta, kwa kuwa sijausikia mkono wako, nami nilihukumiwa na mtu aliyeusikia wangu. Weka gitaa chini, piga vipigo hivyo vitano kwa kiganja juu ya meza, polepole, bila kusema namba yoyote, ujirekodi kwa dakika mbili na unitumie. Mama yako anasema atasikiliza yeye kwanza.

Baba yako