Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Maghorofa ya Magomeni Yasijengwe Kila Wilaya?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi cherehani na nimepanga vyumba viwili Mbagala, ambavyo kodi yake huilipa kwa mkupuo wa miezi sita. Nilifurahi kuona wakazi wa Magomeni Kota wamerudishiwa makazi katika maghorofa mapya. Kwa nini Serikali isijenge mengine kama hayo kila wilaya, na mtu asiye na mshahara kama mimi atayanunuaje?
– Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, mfano uliouchagua ni mzuri, ila una upekee wake. Kaya 644 zilizorejea Magomeni mwaka 2022 zilijengewa kwa fedha za Serikali, juu ya ardhi ambayo tayari ilikuwa ya Serikali, katikati ya mji, mahali ambapo barabara, maji na umeme vilikwisha kufika. Atakayetaka kujenga nyumba za namna hiyo pembezoni mwa mji hana budi kulipa fidia ya ardhi, kuchonga barabara na kuvuta maji kabla ya kulaza tofali la kwanza, na gharama hizo zote humwangukia mnunuzi.

Kisha kuna riba, ambayo wengi huisahau. Tuchukulie umekopa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 15 na kutakiwa kulipa kwa miaka 15. Kila mwezi utarejesha takriban shilingi 560,000, na hadi mwisho utakuwa umelipa zaidi ya milioni 100. Kuongeza muda hadi miaka 25 hakukuokoi, kwani marejesho yatashuka hadi kama 512,000 tu. Isitoshe, benki itataka kuona mshahara unaoingia kila mwezi, ilhali daftari lako la wateja hujaa msimu wa sikukuu na harusi na kukauka baada yake.

Kwa maoni yangu, fedha za umma zingewafikia wengi zaidi kama zingewekwa kwenye viwanja. Tumewahi kufanya hivyo: katika miaka ya 1970, Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikapeleka barabara na maji, kisha ikawaachia wananchi wajenge kadiri ya mifuko yao. Ni kweli kwamba baadhi ya viwanja hivyo viliishia mikononi mwa wenye uwezo (Sinza ya leo si ya fundi cherehani), lakini mitaa yake inapitika hadi leo. Mwenye nyumba wako naye, kama wengi wa Mbagala, yumkini alianza na msingi, akapandisha boma, akaezeka vyumba viwili, na vingine vikafuata fedha zilipopatikana. Watu wa aina yake ndio waliowapatia makazi wakazi wengi wa jiji hili.

Ukipata kiwanja, usitosheke na barua yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uthibitishe kwamba kimepimwa na kwamba mchoro wa mipango miji haujakitenga kuwa barabara au eneo la shule, kwa maana boma lililojengwa hapo huvunjwa hata kama kiwanja ulikinunua kwa nia njema.