Ukitundika daluga na kushika filimbi

Nilicheza namba sita, kiungo anayekaa mbele ya mabeki, kwa miaka kumi na moja. Wiki yangu ya kwanza nikiwa kocha nilimwambia kijana aliyerithi nafasi hiyo, "Usikae mbali na mabeki wako." Akaniuliza, "Mbali kiasi gani, kocha?" Nikakosa jibu. Enzi zangu sikupima chochote: nageuza shingo, naona pengo, miguu inanipeleka. Nikachukua mpira nimwonyeshe, na bado hakuelewa, maana aliona nilichofanya bila kujua nilichokuwa nimekiona.

Wachezaji wengi wazuri hukwama hapo hapo. Ujuzi wao umelala miguuni, na kazi mpya inautaka mdomoni. Kocha Mwitaliano Arrigo Sacchi hakuwahi kucheza soka la kulipwa, aliwahi kuuza viatu, na akaipa AC Milan Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990. Waliomkejeli aliwajibu kwamba mpanda farasi halazimiki kuwa farasi kwanza. Nikiwa mchezaji niliicheka kauli hiyo. Leo naona alikuwa na faida ambayo sisi hatuna: tangu mwanzo ilimbidi aeleze kila kitu kwa maneno.

Kwa hiyo kama bado unacheza, nunua daftari leo. Kila baada ya mechi andika matukio matatu: ulikuwa wapi, uliona nini, kwa nini ulikwenda ulikokwenda. Mimi nilianza msimu wangu wa mwisho, nikiwa nimeshachelewa. Leseni za ukocha nazo anza kuzisomea ukiwa bado una mshahara wa mchezaji. Na klabu yako ya mwisho ichague kwa kumwangalia kocha wake. Pep Guardiola, akiwa bado mchezaji, alikwenda Mexico mwaka 2006, kwenye timu ya Dorados, ili afundishwe na Juan Manuel Lillo. Mwaka uliofuata alikuwa akiifundisha Barcelona B, timu ya pili ya klabu hiyo.

Anza chini. Xabi Alonso, kiungo wa zamani wa Hispania, alianza na watoto wa Real Madrid, kisha akakaa misimu mitatu na Real Sociedad B. Aliipandisha daraja mwaka 2021, ikashuka tena 2022. Ni wangapi wanaikumbuka hiyo ya kushuka? Oktoba ya mwaka huo huo akaichukua Bayer Leverkusen ikiwa ya pili kutoka mkiani, na mwaka 2024 ikatwaa ubingwa wa Ujerumani bila kupoteza mechi ya ligi. Andrea Pirlo, kiungo wa zamani wa Italia, alipewa timu ya vijana ya Juventus mwishoni mwa Julai 2020, na siku tisa baadaye, kabla hajaiongoza hata mechi moja, akapandishwa timu kubwa. Akabeba Coppa Italia na Super Cup ya Italia, na bado msimu ulipoisha akaondolewa. Mpira anaujua, nani atabisha? Ila hakupata mahali pa kukosea bila kutazamwa. (Najua, klabu kubwa ikikupigia simu utakubali. Hata mimi ningekubali.)

Kosa langu kubwa halikuhusu mbinu. Nilipewa timu ile ile niliyoichezea, yenye watu walioniita kwa jina la utani. Wiki za mwanzo nilikaa nao viti vya nyuma vya basi kama zamani, nikashangaa kwa nini utani umepoa. Nilichelewa kujua kwamba wananisubiri nihamie mbele.

Miongoni mwao alikuwemo beki wa kati niliyelala naye chumba kimoja safarini kwa misimu minne. Kasi ilikuwa imemwisha, kila mtu aliona, naye pia. Nikaamua kumweka benchi, lakini nikaogopa kumwambia. Akaliona jina lake kwenye orodha ya ukutani, pamoja na wengine. Hakupiga kelele. Alikuja akasema, "Ungeniambia jana," akaenda kuvaa bipsi, kizibao cha wachezaji wa akiba. Kwa mwezi mzima wachezaji wakongwe walikuwa wakinijibu "sawa kocha" huku wakitazama chini.

Sasa nina utaratibu. Namwita mtu siku moja kabla, tuko wawili tu, namweleza kwa sentensi mbili: hutaanza, na sababu ni hii. Simwahidi mechi ijayo, kwa kuwa ahadi ya namna hiyo ndiyo humtoa kocha thamani. Simsifu kwanza ili kumlainisha, anajua kinachofuata. Akikasirika namwacha akasirike. Na kundi la WhatsApp la wachezaji nilijitoa mwenyewe. Lazima wapate mahali pa kunisema.

Jambo jingine dogo: usiingie kucheza mechi ya mazoezi, hata wakikubembeleza. Ukiwa bado unawazidi watakutazama badala ya kujifunza, na wakikuzidi utakasirika.

Halafu kuna kutimuliwa. Alex Ferguson alifukuzwa na St Mirren mwaka 1978, na Manchester United aliyoichukua Novemba 1986 ilisubiri hadi 1993 kupata ubingwa wake wa kwanza wa ligi chini yake. Usitegemee subira ya aina hiyo. Kabla ya kusaini uliza nani anasajili, wewe au mkurugenzi wa michezo, nani anachagua kocha msaidizi, na utalipwa nini wakikuondoa katikati ya msimu. Taka kila jibu liandikwe ndani ya mkataba. Wakikwambia "hayo tutaelewana," rudisha kalamu mezani.